Baba ana mishipa miwili ya moyo iliyopungua upana: tuanze na dawa au tuuze shamba tupate pesa za stenti?

MwanaWaBahati (Nakuru)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wanaolifahamu jambo hili, wawe wahudumu wa afya au wagonjwa waliolipitia wenyewe, kwa sababu familia yetu imegawanyika na kikao cha kuamua kuhusu mchango kimepangwa Jumamosi ijayo.

Baba ana umri wa miaka 64 na ana duka la rejareja huku Bahati. Tangu mwishoni mwa mwaka jana amekuwa akibanwa na kifua anapopanda kilima kutoka barabara ya lami hadi nyumbani. Maumivu hayamjii akiwa ameketi wala usiku akilala, na akisimama kidogo yanaisha. Hakumwambia mtu. Tuligundua kwa sababu alikuwa akisimama mahali pale pale kila jioni, kando ya nguzo ya pili ya stima, akijifanya anakagua mahindi ya jirani, hata baada ya mahindi yenyewe kuvunwa na shamba kubaki tupu.

Alipimwa umeme wa moyo, akafanyiwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kisha akafanyiwa anjiografia (picha ya mishipa ya moyo) katika hospitali ambayo sitaitaja. Ripoti inasema mshipa wa mbele wa upande wa kushoto umepungua kwa asilimia 80 sehemu ya katikati, mshipa wa kulia asilimia 70, shina kuu la kushoto ni safi, na nguvu ya moyo ya kusukuma damu ni asilimia 55. Presha anayo kwa miaka mingi. Kisukari amepimwa na hana. Daktari aliyefanya kipimo alituambia kwamba mishipa hiyo ni kama bomba la maji linaloziba, na kwamba stenti mbili (vijibomba vya waya vya kutanua mshipa) ziwekwe upesi kabla bomba halijafunga kabisa. Daktari mwingine aliisoma ripoti ile ile akasema hakuna haraka, mzee atumie dawa kwanza.

Kaka yangu mkubwa anasema dawa ni njia ya maskini, na kwamba tukimpoteza mzee kwa sababu ya kuhesabu shilingi hatutaweza kuangaliana usoni. Tayari amepata mnunuzi wa robo eka. Mimi sipingi kuuza shamba iwapo kutaokoa maisha ya baba. Ninachouliza ni kama kweli kutayaokoa.

TabibuWaZiwani (Kisumu)

Ndugu yetu, poleni kwa kuuguza. Mimi ni tabibu katika kliniki ya presha na kisukari hapa Kisumu, wala si bingwa wa moyo, kwa hiyo nitakayoyaandika yakusaidie kujiandaa kwa mazungumzo na daktari wa mzee, yasichukue nafasi ya mazungumzo hayo.

Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na limefanyiwa utafiti mkubwa zaidi ya mara moja. Utafiti uitwao COURAGE, uliochapishwa mwaka 2007, uliwachukua wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada wenye hali inayofanana na ya mzee, ukawagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa dawa kamili peke yake, lingine likapewa dawa hizo hizo na kuwekewa stenti juu yake. Baada ya miaka 4.6 hivi, waliokuwa wamekufa au kupata mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 19.0 katika kundi la stenti na asilimia 18.5 katika kundi la dawa, yaani hapakuwa na tofauti. Wapo madaktari waliolalamika kwamba wagonjwa wa COURAGE hawakuwa wameathirika vya kutosha. Ndipo ukafanywa utafiti mwingine, ISCHEMIA, katika nchi 37, kwa wagonjwa 5,179 ambao vipimo vilikuwa vimethibitisha kwamba mioyo yao inakosa damu kwa kiwango cha kati au kikubwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Waliokufa katika kundi lililopelekwa mapema kwenye stenti au upasuaji wa baipasi (kuipitishia damu njia mpya kando ya mshipa ulioziba) walikuwa 145. Katika kundi lililoanzishiwa dawa walikuwa 144.

Sababu ya matokeo hayo ni kwamba ule mfano wa bomba, ingawa unaeleweka upesi, unapotosha. Mshtuko wa moyo mara nyingi hautokani na mahali pembamba kuendelea kupungua polepole mpaka pafunge. Hutokea pale utando wa mafuta ulio ndani ya ukuta wa mshipa unapopasuka ghafla, damu ikaganda juu ya mpasuko huo, na mshipa ukafungwa na bonge la damu kwa dakika chache tu. Utando unaopasuka huwa mara nyingi ni ule ambao haukuwa umebana sana na ambao hakuna daktari ambaye angeuwekea stenti. Stenti hupanua sentimita mbili au tatu za mshipa mmoja. Dawa ya kupunguza kolesteroli hufika katika mishipa yote na kuutuliza utando popote ulipo, na aspirini huifanya damu isigande kwa urahisi juu yake.

Kwa hiyo nikikujibu wazi: kwa mgonjwa ambaye maumivu yake ni ya kutabirika, yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa mapumziko, ambaye shina kuu la kushoto ni safi na nguvu ya moyo haijashuka, kuuza shamba hakutamwongezea miaka zaidi ya ile ambayo dawa nzuri ingempa. Kunaweza kumpunguzia maumivu, na hilo nalo si dogo, lakini ni sababu nyingine kabisa na ina haraka tofauti.

Sasa mimi pia nina swali, na naomba ulijibu kabla ya Jumamosi: baba anatumia dawa gani hasa, na kwa kipimo gani? Andika kama zilivyo kwenye pakiti.

MstaafuWaMumias (Kakamega)

Nimesoma maelezo ya Tabibu na sina la kupinga katika hesabu zake, lakini naomba mwenye uzoefu wa kifua chenyewe asikilizwe pia.

Nilikuwa mwalimu hadi nilipostaafu. Kwa muda mrefu nilitumia dawa za moyo bila kukosa, zikaongezwa mpaka daktari akasema zimefika mwisho, kwa sababu presha ilianza kushuka nikawa naona kizunguzungu ninaposimama. Hata hivyo, sikuweza kutembea kutoka nyumbani hadi kanisani bila kusimama, nikaacha kwenda mazishi kwa kuogopa kupandisha vilima mbele za watu, na mke wangu akawa ndiye anayebeba ndoo. Niliwekewa stenti Eldoret. Katika wiki zilizofuata maumivu yalipungua hata nikayasahau, na leo ninalima bustani ya mboga. Sijui kama nitaishi zaidi kwa sababu yake, na wala sikuambiwa hivyo. Daktari wangu alikuwa mkweli. Alisema anatibu maumivu, na nikakubali kwa msingi huo.

Jambo moja ambalo familia nyingi haziambiwi ni kwamba stenti haikuachishi dawa. Inakuongezea. Mbali na aspirini nilipewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na nikaonywa kwamba nikiikatiza mapema bila ruhusa damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe, na hapo ndipo mtu hufa. Kwa hiyo kama mchango wenu utaishia siku ya kutoka hospitali, na dawa za mwezi wa pili zimekosa mtu wa kuzilipia, mtakuwa mmemweka mzee katika hatari ambayo hakuwa nayo mwanzo.

Lurambi_2 (Kakamega)

Haya yote yanaonyesha tu kwamba hospitali kubwa zimekuwa biashara. Wakikuona una shamba, mshipa wako umeziba. Wakikuona huna, ni gesi tumboni. Mimi ningemshauri mzee aachane na stenti na hata na hizo tembe za kila siku, atumie kitunguu saumu, limau na mazoezi, apunguze ugali wa usiku. Watu wetu wa zamani hawakuwa na mambo haya.

TabibuWaZiwani (Kisumu)

Ndugu wa Lurambi, mashaka juu ya biashara ninayaelewa, na mtu ana haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili asiyelipwa kwa kuweka stenti. Lakini tafadhali usiyaunganishe na kuacha dawa. Tafiti nilizozitaja hazikulinganisha stenti na kukaa bure. Zililinganisha stenti na dawa zinazotumiwa kwa ukamilifu, chini ya uangalizi, na kipimo cha kolesteroli kikifuatiliwa. Mgonjwa anayekataa stenti kisha akakataa na dawa hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, na hakuna anayeweza kumwahidi matokeo yale. Kitunguu saumu kwenye mboga hakina ubaya.

NjiaYaWebuye (Bungoma)

Naomba kuuliza jambo ambalo linatuhusu sisi tunaokaa mbali. Huko Ulaya mtu akipata mshtuko wa moyo gari la wagonjwa humfikisha kwenye chumba cha anjiografia kwa muda mfupi. Hapa kwetu, usiku wa mvua, hata kufika barabara kuu ni mtihani, na mashine hizo haziko katika kila kaunti. Je, si afadhali basi mtu awekewe stenti mapema, akiwa bado mzima, kuliko kungoja mshtuko umkute mahali asipoweza kusaidiwa?

MwanaWaBahati (Nakuru)

Asanteni sana. Swali la ndugu wa Webuye ndilo hoja kubwa ya kaka yangu, ameliuliza kwa maneno karibu hayo hayo.

Tabibu, nimeangalia mkebe wa dawa za baba. Kuna aspirini miligramu 75, amlodipini ya presha miligramu 5 na atovastatini ya kolesteroli miligramu 10. Hizo tu, zote mara moja kwa siku. Katika kadi yake ya mwisho presha ni 152/90, mapigo ya moyo ni 88 kwa dakika akiwa amepumzika, na kolesteroli mbaya ni 3.6 (milimoli kwa lita). Hana pumu. Alivuta sigara kwa miaka mingi na anasema ameacha, ingawa mama hakusema chochote jambo hilo lilipotajwa.

Pia kuna jambo ambalo sikulitaja mwanzoni kwa kudhani halihusiani. Mzee yuko kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka huu, na daktari wa upande huo amekuwa akingoja ruhusa ya daktari wa moyo.

Sosiani_MD (Eldoret)

Ninafanya kazi katika idara ya magonjwa ya ndani na ninawaona wagonjwa wa aina hii kila wiki. Siwezi kumtibu mzee kupitia maandishi, lakini taarifa ulizotoa zinatosha kwa mtu kuona maswali ya kupelekwa kliniki.

La kwanza ni kwamba mzee bado hajajaribiwa kwa dawa. Familia inadhani imekuwa ikitumia njia ya dawa na kwamba imeshindwa, ilhali haijaanza. Aspirini anayo, sawa. Atovastatini ya miligramu 10 ni kidogo mno kwa mtu mwenye ugonjwa uliothibitishwa. Kwa kawaida huanzishwa kati ya 40 na 80. Katika ISCHEMIA lengo la kolesteroli mbaya lilikuwa chini ya 1.8, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 ulishusha lengo hilo hadi chini ya 1.4. Yeye yuko 3.6. Presha ya 152 inapaswa kushushwa chini ya 130 iwapo ataivumilia. Mapigo 88 yanaufanya moyo wake kudai damu nyingi hata akiwa kitini, na hana dawa yoyote ya kuyapunguza; kwa kuwa hana pumu, daktari wake atafikiria bisoprololi au mwenzake wa kundi hilo, na pengine kuongeza amlodipini hadi 10. Zaidi ya hayo, hakuna aliyempa nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi. Ni tembe ndogo ambayo angeweza kuitumia akiwa ameketi, kabla ya kupanda kile kilima, na ikawa inamzuilia maumivu kabla hayajaanza.

Mchanganyiko huo ukirekebishwa, wengi hupata nafuu kubwa. Wasipopata, mlango wa stenti haujafungwa. Katika ISCHEMIA takriban mmoja kati ya watano walioanza na dawa alifanyiwa utaratibu (stenti au baipasi) baadaye, ama kwa sababu hali ilibadilika ama maumivu yalikataa kutulia. Mstaafu wa Mumias ni mgonjwa wa namna hiyo, na kisa chake ndicho ninachokiona kuwa matumizi sahihi ya stenti: dawa zilifika kikomo, maumivu yakabaki, akaelezwa ukweli, akachagua. Katika utafiti huo huo, miongoni mwa waliokuwa wakiumwa kila siku au kila wiki, karibu nusu ya waliofanyiwa utaratibu hawakuwa na maumivu tena baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na mmoja kati ya watano wa upande wa dawa. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mzee kwamba stenti haifai kitu. Mwaka 2023 utafiti wa ORBITA-2 uliofanyika Uingereza, ambao wagonjwa wake 301 hawakujua nani amewekewa stenti kweli na nani amefanyiwa utaratibu wa kuigiza, ulionyesha kwamba stenti hupunguza maumivu yenyewe, si imani ya mgonjwa tu. Lakini wagonjwa hao waliachishwa dawa za maumivu ya kifua. Utafiti wa kwanza wa ORBITA, wa mwaka 2017, ambao wagonjwa wake 200 waliongezewa dawa hizo kwanza mpaka zikakamilika, haukuona tofauti ya maana katika muda wa kufanya mazoezi. Mtu akiziweka tafiti hizo mbili pamoja anapata mpangilio wa kazi: dawa zitangulie, na stenti iwe ya yule ambaye zimemshinda au hawezi kuzivumilia.

Ndugu wa Webuye, swali lako ni zito na ninalisikia kutoka kwa jamaa wanaotoka Turkana mpaka Busia. Kama stenti ingekuwa kinga ya mshtuko, ningekuunga mkono bila kusita, kwa sababu umbali ni kweli. Tatizo ni kwamba si kinga, kwa sababu ambayo Tabibu ameieleza: mpasuko unaweza kutokea sehemu nyingine ya mshipa. Tena utaratibu wenyewe una madhara yake ya mwanzo. Katika ISCHEMIA, baada ya miezi 6, matatizo makubwa ya moyo yalikuwa yamewapata asilimia 5.3 ya kundi la utaratibu na asilimia 3.4 ya kundi la dawa. Baadaye mizani iligeuka, na kufikia miaka 5 ikawa asilimia 16.4 kwa 18.2, tofauti ambayo kwa jumla haikuhesabika kuwa ushindi wa upande wowote. Wagonjwa hao walipoendelea kufuatiliwa, matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha vifo vya moyo vikiwa vichache kidogo kwa waliofanyiwa utaratibu na vifo vya sababu nyingine vikiwa vingi kidogo, hata jumla ya vifo ikabaki sawa. Ninaitaja hiyo kwa uaminifu, kwa sababu wapo wenzangu wanaoishika kama hoja.

Anayekaa mbali analindwa zaidi na mambo mengine. Familia ijue kwamba maumivu ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika kadhaa bila kuisha kwa mapumziko na tembe ya chini ya ulimi, hasa yakiwa na jasho baridi au kukosa pumzi, ni safari ya hospitali usiku huo huo, na mgonjwa asiyekatazwa aspirini atafune miligramu 300 akiwa njiani. Jueni mapema ni hospitali gani iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa maana dawa hiyo inaweza kutolewa bila chumba cha anjiografia, na faida yake hupungua kila saa inayopita. Muwe na namba ya mwenye gari. Mengi ya haya hayana gharama.

Sasa suala la tezi dume, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua. Mgonjwa aliyewekewa stenti kwa ugonjwa uliotulia kwa kawaida hutumia aspirini na klopidogreli pamoja kwa miezi 6 hivi. Upasuaji wa tezi dume hutoa damu, na daktari wa upasuaji atataka klopidogreli isimamishwe. Ikisimamishwa mapema, stenti ina hatari ya kuganda. Ikiachwa, mzee ana hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo stenti itaahirisha upasuaji anaouhitaji. Na kama kuna anayesema stenti itamwandaa kwa upasuaji, utafiti wa mwaka 2004 uliowahusu wagonjwa 510 waliokuwa wakingoja upasuaji mkubwa wa mishipa ya damu haukuona kwamba kuzibua mishipa ya moyo kabla kulipunguza vifo. Daktari wa moyo na daktari wa tezi dume wakutanishwe, hata kwa simu, kabla ya mtu yeyote kupokea pesa za shamba.

MwanaWaBahati (Nakuru)

Daktari, nimeyachapisha majibu haya na kumsomea baba mwenyewe, kwa sababu nilitambua kwamba katika mabishano yote ya wiki hii hakuna aliyemuuliza yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kifua kinamsumbua kilimani tu, na kwamba kinachomkosesha usingizi ni tezi dume, kwa sababu huamka usiku mara nyingi kwenda choo cha nje. Alisema pia kwamba robo eka ile aliinunua kwa jasho la miaka mingi ya kuendesha lori, na kwamba hataki iuzwe kwa sababu ya mlima anaoweza kuupanda polepole.

Kaka yangu bado hajakubali. Anataka kujua kama kuna hali yoyote ambayo itatulazimu kubadilisha uamuzi, ili asije akalaumiwa, au tukalaumiwa sisi. Nami nina swali la vitendo: kati ya dawa alizozitaja daktari, ipi hugombana na dawa za tezi dume?

Sosiani_MD (Eldoret)

Mwambie kaka yako kwamba hali hizo zipo na zinajulikana, na anafanya vyema kuziuliza. Maumivu yakianza kuja akiwa amepumzika, au yakamwamsha usiku, au yakawa yanakuja kwa hatua chache kuliko zamani, ugonjwa haujatulia tena na tafiti zote tulizozijadili hazimhusu; aende hospitali, na hapo utaratibu wa kuzibua mshipa huokoa maisha. Kama ripoti ingeonyesha shina kuu la kushoto limepungua kwa nusu au zaidi, tusingekuwa na mjadala huu, kwani wagonjwa hao hawakuingizwa katika ISCHEMIA. Kama nguvu ya moyo ingekuwa asilimia 35 au chini, tungezungumzia baipasi, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hao imeonyesha faida baada ya miaka 10, lakini si stenti, ambayo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 haukuona ikiwasaidia. Na angekuwa na kisukari pamoja na mishipa kadhaa iliyobana, baipasi tena ingetangulia stenti. Mzee hana hata moja kati ya hayo kwa sasa. Eko irudiwe pale daktari atakapoona haja.

Kuhusu kauli ya kaka kwamba dawa ni njia ya maskini: walioshiriki COURAGE walikuwa Marekani na Kanada, wengi wao wakiwa na uwezo wa kupata stenti siku yoyote. Dawa za mzee zinapatikana bila jina la kampuni, na karibu zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Gharama yake kubwa ni kwamba haziishi. Kama kaka ana hamu ya kutoa, atoe kwa njia hiyo: yeye ndiye awe na jukumu la dawa za kila mwezi na michango ya SHA (bima ya afya ya serikali) ya mzee, na asikubali mwezi upite mkebe ukiwa mtupu.

TabibuWaZiwani (Kisumu)

Nimalizie swali la tezi dume kwa sababu huku kliniki huwa linatupa kazi. Kuna dawa ya tadalafili ambayo madaktari wengine huitoa kwa tezi dume, na ni ya familia moja na sildenafili (Viagra). Hizo haziendi kabisa na nitrogliserini, maana presha inaweza kuanguka mpaka mtu azimie au afe. Onyo hilo hilo linahusu unga na chai za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani, ambazo baadhi yake duniani zimewahi kupimwa zikakutwa na sildenafili ndani bila kuandikwa. Zungumza na baba faraghani, wala usimuulize mbele ya mama au kaka, kwa sababu hatakujibu. Tamsulosini, ambayo hutolewa mara nyingi zaidi, inaweza kutumika, lakini nayo hushusha presha kidogo, kwa hiyo aketi anapoweka tembe chini ya ulimi na asiinuke ghafla, hasa usiku anapoamka kwenda nje.

Nitrogliserini itunzwe katika chupa yake ya kioo, kifuniko kikiwa kimekazwa, mfukoni mwa koti wala si kwenye mkebe wa dawa nyingine, kwa sababu hupoteza nguvu ikipata hewa na joto, na isitumike baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa kupita. Atapata maumivu ya kichwa mara za mwanzo. Mwambieni mapema ili asiitupe. Na bisoprololi isiachwe ghafla hata kama anajisikia mzima, kwani mapigo yanaweza kurudi kwa kasi na maumivu pamoja nayo. Siku ya kliniki mpelekeni na pakiti zenyewe zote, pamoja na ripoti ya anjiografia na kipimo cha figo, hata kama daktari anayo nakala.